Ukuta Nilioupaka Saruji

Siku mliyoniaga kazini, mafundi wenzangu, mkanivika leso mpya juu ya ovaroli, mmoja wenu alisimama akasema hakuna nyumba ya zamani hapa Homa Bay iliyobaki wima bila mkono wa Mama Chokaa. Mlipiga makofi. Mimi chapati ilinikwama kooni, na wengine mkadhani ni machozi ya furaha. Sikuwa na ujasiri wa kuwajibu mbele ya keki, kwa hiyo naandika. Mtakaosoma hadi mwisho nina kazi ya kuwapa. Wavivu wanaweza kuishia hapa.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa kuchota maji. Nilitoka Awendo, baba yangu akiwa mkata miwa, na nilichojua kuhusu nyumba ni kwamba ikivuja unahamisha kitanda. Nilipelekwa kwenye mtaa wa maduka ya zamani, ule ulioachwa na wafanyabiashara wa Kihindi: duka chini, vyumba juu, baraza la nguzo za mbao mbele, mabati yenye kutu kichwani. Fundi mkuu alikuwa Mzee Obara, mfupi, mkali, mwenye nyusi nyeupe za vumbi. Nilifika na debe langu kichwani nikamsalimia. Hakuniitikia. Alinishika kiganja akakibandika ukutani.

"Sikia," akasema.

"Ni baridi, Mzee."

"Nimekuuliza kama ni baridi? Sikia."

Sikusikia chochote, na nilimwambia hivyo. Akafurahi. Baadaye nilijua kwamba vijana wote walionitangulia walisema wamesikia, naye hakumpenda mtu wa kusikia asichosikia. Wanaume wa pale walicheka wakasema Mzee amepata mchumba. Nilikwenda kuchota maji.

Kuta zile, kama mjuavyo, ni mawe yaliyopangwa kwa udongo. Hakuna saruji ndani hata chembe. Ni mistari miwili ya mawe, katikati kifusi na udongo, na pande zote mbili zimepakwa chokaa. Mzee Obara alijifunza kwa mafundi wa Kihindi alipokuwa kijana, naye akanifunza mimi kwa sababu vijana waliona kazi ya chokaa ni ya polepole mno. Ni kweli. Unachimba shimo, unaizima chokaa kwa maji, inachemka na kurusha matone ya moto. Mimi iliniunguza nyusi zote siku ya kwanza, nikakaa wiki nzima na uso wa mtu anayeshangaa. Kisha unaiacha chini ya maji miezi. Ukiwa na haraka, Mzee alisema, nenda kauze samaki.

Alinifunza kutumia timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia wima, na kugonga ukuta kwa mpini wa nyundo huku umeinamisha sikio. Ukuta mzima hujibu kwa sauti fupi, nzito. Uliooza husikika kama debe tupu. Alinifunza pia kioo. Ukiona ufa, chukua kipande chembamba cha kioo cha dirisha, kibandike kiuvuke ufa, upande huu na upande huu, kwa lipu ngumu. Ufa ukitembea hata unene wa unywele, kioo kinapasuka. "Mwenye nyumba atakuambia ukuta haujasogea," alisema. "Mwache amalize kusema, halafu nenda ukaangalie kioo."

Nilifanya naye kazi hapa mjini, na Migori kwenye maduka ya barabara kuu, na mara moja Macalder kwenye nyumba za zamani za machimbo. Huko wachimbaji walikuwa wamechimba hadi chini ya msingi wa nyumba waliyolala, wakatuita tuwaelezee kwa nini inainama. Mzee Obara alitazama shimo, akatazama nyumba, akarudisha timazi mfukoni. Hiyo ndiyo kazi ya pekee niliyowahi kumwona akiikataa kwa kicheko.

Sasa nije kwenye yale yaliyonikwama na chapati.

Mzee Obara alipozidiwa na mgongo alirudi kwao, akaniachia vifaa. Kazi ya kwanza niliyoipata kwa jina langu mwenyewe ilikuwa nyumba ya Owuor, mwuza vitambaa. Alikuwa kijana mchangamfu ambaye bado hakuwa ameoa, na wazazi wake walikaa Mbita. Alitaka ukuta wa ubavuni, ule unaoelekea kichochoro, uwe laini na wa kung'aa kama wa benki. Nilimwambia habari za chokaa. Aliniuliza kama mimi ni fundi au mganga wa mitishamba.

Ningeweza kukataa. Nataka mjue hilo, kwa sababu mafundi tunapenda kusema mteja alilazimisha. Sikulazimishwa. Nilikuwa mwanamke wa kwanza mtaani kusimama juu ya jukwaa na mwiko badala ya debe, na nilitaka watu wapite waseme, tazameni. Niliikwangua chokaa yote, nje na ndani, nikapiga saruji nzito, nikalainisha hadi nikaona kivuli changu. Watu walipita, wakasema, tazameni. Wenye nyumba saba nyingine wakaniita nikawafanyie vilevile, nami nikawafanyia.

Mzee Obara alikuja mjini kwa ajili ya dawa, akapitia kuiona. Aliweka kiganja chake ukutani kwa muda mrefu.

"Hii nyumba ilikuwa inapumua, nyar Awendo," akasema; binti wa Awendo, ndivyo alivyoniita. "Umeiziba pua."

"Mzee, dunia imebadilika."

"Dunia imebadilika, sawa. Na ule udongo ulio ndani, nao umebadilika?"

Nilikasirika. Nilimwambia anaona wivu. Yule mzee aliyenipa mkono wangu wa kazi, nilimwambia anaona wivu, naye akachukua mkongojo wake akaenda zake. Alikufa kabla sijapata akili ya kumwomba radhi, na hilo linaniuma hadi leo.

Akili ilikuja polepole. Miaka ilipita, nikaona saruji za mafundi wengine kule Migori zikibanduka vipande vizima, nyuma yake udongo umelowa kama uji. Maji huingia juu, kwenye paa, nayo saruji huyazuia yasitoke. Nilirudi kwenye chokaa kimyakimya, kama mtu aliyerudi kanisani akaketi benchi la nyuma. Wenye nyumba wakaanza kuniita Mama Chokaa, nikaitika. Kuhusu zile nyumba nane sikufungua mdomo. Nilijiambia labda zitavumilia.

Basi masika moja, nikiwa bado kazini, siku ya Jumanne, mke wa Owuor akanifuata kazini. Anaitwa Sarafina, fundi cherehani, mjane sasa, kwani Owuor alifariki. Duka la chini ndilo karakana yake, na juu anakaa na mama mkwe wake, Perpetua, aliyeletwa kutoka Mbita baada ya kuvunjika nyonga. Mtaa mzima humwita Dani, yaani bibi. Wote wawili hawakuwepo enzi zile za saruji yangu.

"Mama Chokaa, mlango wa duka imekataa kufunga," Sarafina akasema. "Jana ilifunga. Leo imekataa kabisa."

Nilijua kabla sijafika. Nilipogonga ubavuni ukuta ulijibu kama debe. Nikashusha timazi: tumbo la vidole vitatu, limevimba hadi kwenye sakafu ya juu. Ndani, ngazi ya mbao imeegemea ukuta huohuo, na kando yake ufa ulipanda kama mjusi. Nilibandika vioo vitatu, cha chini, cha kati na cha juu.

"Nini inaleta hii?" Sarafina akauliza. "Kwa sababu hii ukuta ilipakwa vizuri sana. Angalia, hata rangi bado imeshika. Huyo fundi wa zamani alikuwa anajua kazi."

Nilinyoosha kidole juu. "Ni mfereji wa paa," nikasema. "Unavuja."

Na mfereji ulikuwa unavuja kweli. Hapo ndipo ubaya wa maneno yangu ulipo, kwamba mtu angepanda juu angeuona unavuja.

Jumatano asubuhi kioo cha chini kilikuwa kimepasuka. Nilimwita Marwa, seremala Mkuria kutoka upande wa Migori, ambaye nimefanya naye kazi miaka mingi na hanyanyui sauti hata akipondwa kidole. Alileta magogo ya mkaratusi, akayasimamisha mshazari kule kichochoroni na mbao pana vichwani, akayakaza kwa kabari. Ndani tulisimamisha nguzo chini ya boriti za sakafu, ili ule ukuta usibebe tena mzigo wa juu. Kichochoro tukakifunga kwa kamba.

Injinia wa kaunti alifika adhuhuri na rangi nyekundu. Ni kijana mwenye heshima, na hilo lilinizidishia taabu, maana sikupata wa kumkasirikia. Alichora alama kubwa mlangoni.

"Mama, mimi naheshimu hizi nyumba," akaniambia. "Lakini hii ikiangukia mtu, ni mimi nitaulizwa. Ijumaa saa sita nikikuta bado inatembea, tutaleta mashine."

Sarafina alishika fremu ya mlango. Hakuwa na kingine duniani ila nyumba ile, vyerehani vyake vitatu, na bibi aliye juu.

"Sababu niandike nini?" injinia akauliza.

"Mfereji," nikasema mara ya pili.

Dawa ilikuwa moja: kuibandua saruji, kuutoa ule udongo mbovu, kupanga mawe upya kipande kwa kipande. Lakini kila ukigonga tindo, ukuta unatikisika, na mtu hawezi kuwa juu ukifanya kazi hiyo. Ilibidi Dani ashuke. Nilipanda nikamweleza. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunga kitambaa kichwani, redio ya nyimbo za kanisa pembeni.

"Wanaume wanne watakubeba na godoro lako, Dani. Dakika mbili tu."

"Kubebwa na kitanda?" Alinitazama kama nimetukana. "Mtu akitolewa nyumba yake akiwa amelala kitandani, anaenda wapi? Mimi bado naongea na wewe. Mkinitoa hivyo, mnanizika."

Sarafina alimsihi. Kasisi akaja, akashuka ameshindwa. Nami nilichoka kubembeleza, na niwaambie kwa nini: ningesema wazi kwamba ukuta ule wote umeoza kutoka juu hadi chini, na kwa nini umeoza, wangeogopa inavyotakiwa. Nilisema mfereji, nao wakaogopa kiasi cha mfereji. Usiku ule walilala humo wote wawili. Mimi sikupata lepe la usingizi.

Alhamisi mvua ilianza asubuhi na mapema. Nilifika mbio nikakuta kioo cha kati kimekatika. Nikapanda.

"Dani, sikubebi. Utashuka kwa makalio, kipandio kwa kipandio, ukiwa umeketi kama mtu anayeketi kwake. Mwenyewe."

Alifikiri. "Hiyo sawa," akasema. "Hiyo ni kutembea."

Vipandio kumi na vinne. Sarafina alimfunga leso kiunoni, akaishika kwa nyuma akiwa juu yake. Mimi nilikaa chini yake nikiushika ule mguu mbovu. Marwa alisimama mlangoni, jicho moja kwenye nguzo na jingine kwenye kioo cha juu, ambacho ndicho kilichobaki. Mvua ilipiga mabati hadi tukawa tunapaza sauti. Kipandio cha kwanza. Cha pili. Alikuwa anapumzika kila mara akijifuta uso, nami jasho lilinitiririka hadi machoni.

Kwenye cha tano tulisikia, tik.

"Nini hiyo?" Dani akauliza.

"Kioo, Dani."

"Inasema nini?"

"Inasema tufanye haraka."

"Haraka ni yako. Kiuno ni yangu."

Chembe za udongo zilianza kudondoka kutoka kwenye ufa, zikaniingia shingoni. Marwa akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mama, kabari ya pili imelegea. Naenda kuikaza. Msisimame." Akatoka mvuani.

Kipandio cha nane Dani alisimama tena. Akaweka kiganja chake ukutani ili ajishike, akaushangaa ule ulaini. "Sarafina anasema aliyepaka hii alikuwa fundi mzuri," akasema huku akihema. "Alikuwa nani?"

Ningeweza kunyamaza. Mvua ilikuwa na kelele za kutosha.

"Ni mimi, Dani."

"Unasema?"

"Ni mimi nilipaka. Mzee wangu aliniambia nisiweke saruji kwenye udongo, nikaweka. Mfereji ni kisingizio. Ukuta huu nimeuua mimi."

Juu yake leso ilikaza. Sikuthubutu kumtazama Sarafina. Dani alinitazama mimi, jicho kwa jicho, muda ambao hatukuwa nao.

"Basi wewe kaa hapo upande wa ukuta," akasema. "Ikianguka, ikupate kwanza."

"Niko hapo tayari, Dani."

"Kaa vizuri. Sasa shika huo mguu. Mos mos. Polepole."

Tukashuka vipandio sita vilivyobaki, bega langu likiwa limegusa saruji yangu mwenyewe, na niliisikia ikitetemeka. Pale chini alitaka kusimama. Tulimsimamisha, akavuka kizingiti kwa miguu yake miwili huku sisi tumemshika makwapa, akaketi kwenye baraza la jirani ng'ambo ya barabara. Tulipotaka kumpeleka mbali zaidi alikataa. Alisema anataka kuona.

Aliona. Mvua ilipokatika tulianza kubandua kutoka juu, mraba mdogo kwa mraba mdogo, bila nyundo nzito. Kwenye mraba wa tatu Marwa alinivuta kwa mkanda wa ovaroli. Ngozi yote ya nje ilishuka kichochoroni, mawe, saruji na udongo mwororo kama uji wa mgonjwa, na ndani mtikisiko ukaangusha kipande cha ngazi, vile vipandio vya katikati. Vumbi halikuwepo, kila kitu kilikuwa kimelowa. Magogo ya Marwa yalilia, yakashika. Sakafu ya juu ilibaki mahali pake, na mstari wa ndani wa mawe ukabaki umesimama.

Nililia mbele ya watu wote. Sarafina alivuka barabara akaja hadi niliposimama.

"Siku mbili, Mama," akasema. "Usiku mbili huyu mama alilala kando ya hiyo ukuta, na wewe unajua. Unajua, na unaniambia mfereji."

Niliinama nikaanza kuokota mawe.

Ijumaa saa sita injinia alikuta uchafu wote umetolewa, nguzo zimekazwa, vioo vipya kwenye ukuta wa ndani na vyote vizima. Alivikagua kimoja kimoja. Kisha akatoa fomu yake, na pale penye sababu niliona mwandiko wake: mfereji.

"Futa hapo," nikamwambia. "Andika saruji juu ya udongo. Andika na jina la fundi."

"Mama, hii karatasi inakaa ofisini. Kila mtu ataisoma."

"Ndiyo maana nakuambia andika."

Aliandika. Alama nyekundu alikuja kuifuta mwenyewe wiki tatu baadaye. Ukuta tuliupanga upya kwa mawe yaleyale na chokaa, mimi na Marwa, na ilichukua miezi. Sarafina alituletea chai kila siku saa nne. Alikuwa akiweka kikombe changu chini, juu ya jiwe, asinipe mkononi. Siku Dani aliporudi juu, alipanda kwa makalio tena, kinyumenyume, na ilimchukua asubuhi nzima. Alinitaka mimi nimshike mguu.

Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza. Zimebaki zile saba, na tangu mnipe leso nimekuwa nikizizungukia. Nne nimekwisha kuwaambia wenyewe. Mmoja alinifukuza, mmoja alinicheka, wawili wameanza kubandua. Mbili nyingine zimekwisha kubomolewa ili yajengwe maghorofa, Mungu anisamehe kwa jinsi nilivyofurahi.

Ya saba ni hoteli ya Consolata, rafiki yangu wa tangu usichana. Hujaza watu saa ya mchana hadi wengine wanakula wamesimama, na wateja wapya huwaonyesha ule ukuta akisema ni kazi ya mikono yangu. Jana nilikwenda, nikaketi pembeni, nikagonga kwa mpini wa kijiko nikijifanya nafukuza nzi. Chini ya dirisha unajibu kama debe tupu. Nilikunywa chai yangu. Consolata akaniongezea nyingine bila kuniuliza, akanisimulia habari za wajukuu. Nikamwambia chai ni tamu, nikaaga, nikaenda nyumbani.

Kesho anafungua saa moja na nusu. Njooni saa moja kamili, na tindo, na magogo ya Marwa. Mkinikuta nimesimama nje nasalimiana na wapita njia, nishikeni mkono mniingize ndani.